Ndege wa nyuma ya nyumba wanakwenda wapi baridi inapoingia?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa kwanza katika nchi ya baridi. Tangu mwezi wa sita nimetundika chombo cha mbegu nyuma ya nyumba, na ndege walikuwa wakigombea nafasi asubuhi hadi jioni. Sasa majani yanapukutika, alfajiri nakuta sakitu kwenye nyasi, na ndege wametoweka. Wiki ya pili hii mbegu hazipungui. Jirani ananiambia nishushe chombo, eti chakula changu kinawachelewesha ndege kuhama na baridi itawaua. Je, nimewakosea? Na kama wameshaondoka, kuna cha kutazama mpaka joto lirudi?"

Marahaba, binti yangu. Hujamkosea ndege yeyote, na chombo kiache hapohapo kilipo. Ua wako haujawa mahame. Unabadilisha wapangaji, na wiki hizi mbili zimekukuta katikati ya zamu: baadhi wanafunga mizigo, wengine hawajafika, na wenyeji wa mwaka mzima wana shughuli mahali pengine.

Nianze na huo ukimya, maana ndio uliokutia hofu. Mwanzo wa vuli, kama ninavyoyaita majira haya ya majani kupukutika, ni wakati wa mavuno kwa ndege kama ulivyo kwa mkulima. Magugu yamekomaa na vichwa vyake vimejaa mbegu, vichaka vina matunda, na wadudu bado wamejaa kwenye nyufa za magome. Ndege aliyezungukwa na shamba lililoiva hana sababu ya kuja kupanga foleni dirishani kwako. Tena zile vurugu ulizoziona mwezi wa saba zilikuwa na familia nzima ndani yake, wazazi pamoja na makinda yaliyokuwa yakitetemesha mabawa na kudai kulishwa. Makinda hayo sasa yamekua, na kila mmoja amekwenda kutafuta pake.

Halafu kuna suala la manyoya. Ndege wengi wadogo wakishamaliza kulea hubadili manyoya, unyoya mmoja mmoja ukidondoka na mwingine kuota. Kuota huko kunawala nguvu nyingi, na mabawa yenye mapengo hayaruki vizuri, kwa hiyo hujificha kimya ndani ya vichaka. Wakitoka, huenda usiwatambue. Chiriku wa dhahabu wa Marekani Kaskazini, ambaye dume lake majira ya joto ni la njano kama kiini cha yai, hurudi akiwa na rangi ya kahawia iliyofifia yenye ukijani kwa mbali. Kila mwaka napokea barua za watu wanaosema wale wa njano wameondoka, kumbe wako mbele ya macho yao na nguo za kazini.

Ukipata nafasi ya kumwona kwezi wa Ulaya kwa karibu mwezi huu, mtazame kwa makini. Utamkuta amejaa madoa meupe mwili mzima, kama punje za mchele zilizomwagwa juu ya kitambaa cheusi. Madoa hayo ni ncha za manyoya mapya. Kadiri miezi ya baridi inavyokwenda, ncha zinasagika na kuchakaa kidogo kidogo, na majira ya kuchipua yakifika utamwona yuleyule akiwa mweusi wa kung'aa, mwenye zambarau na kijani, bila kubadili hata unyoya mmoja. Shomoro dume naye hupata bibu lake jeusi la kifuani kwa njia hiyohiyo: weusi upo tangu vuli, umefunikwa na ncha za kijivu zinazosubiri kuchakaa. Mimi sijawahi kuchoka kuufuatilia mchakato huu. Chukua ndege mmoja anayekuja kwako mara kwa mara, mchore leo, mchore tena mwezi wa kwanza, kisha mwezi wa tatu.

Kabla sijafika kwa jirani yako, fanya jambo moja leo hii. Mimina mbegu zote zilizomo kwenye chombo, uziguse na uzinuse. Mvua za vuli huingia chomboni, mbegu hushikamana na kuota ukungu, na ndege hatazigusa hata kama ana njaa. Ukungu huohuo huleta sumukuvu, ile sumu ya karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, nayo inaua ndege pia. Zikiwa na harufu au mabonge, zitupe zote, osha chombo, kikauke kabisa, ndipo uweke mpya kidogo kidogo. Angalia pia kama kuna kipanga aliyeanza kutua jirani. Kipanga akizoea ua, wadogo wote hunyamaza na kuhama kwa siku kadhaa, kisha hurudi.

Sasa jirani. Ana huruma huyo, na anayosema nimeyasikia miaka mingi kutoka kwa watu wenye nia njema. Lakini ndege anayehama hangoji chakula kiishe ndipo afunge safari. Anasoma mwanga. Siku zinapofupika, mwili wake hupokea habari hiyo na kuanza kujiandaa: anakula kupita kiasi, anajaza mafuta chini ya ngozi, na usiku anakosa utulivu. Hata ukimfungia kizimbani na kumjazia chakula, wakati wake ukifika atarukaruka usiku kucha akipiga mabawa, akielekea upande uleule ambao wenzake wameelekea.

Aliyetufungua macho kuhusu mwanga ni William Rowan, mwalimu wa zuolojia katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Katikati ya miaka ya 1920 aliwafuga junko, ndege wadogo wa kijivu wenye tumbo jeupe, kwenye vizimba vya nje katika baridi kali ya Edmonton. Kundi moja aliliacha na mwanga wa asili. Kundi la pili aliliwashia taa za umeme na kuirefusha siku yao kidogo kidogo. Katikati ya majira ya baridi, theluji ikiwa imetanda, ndege wa taa walikuwa na viungo vya uzazi vilivyokua kana kwamba majira ya kuchipua yamefika, na wale wengine walibaki vilevile. Baridi ilikuwa moja kwa wote. Kilichotofautiana ni urefu wa siku. Chombo chako cha mbegu hakina uwezo wa kurefusha siku, kwa hiyo hakiwezi kumzuia msafiri.

Wapo, ni kweli, wanaohama kwa kufuata chakula. Katika misitu ya misonobari ya kaskazini ya mbali, mbegu za miti zikikosa kuzaa mwaka fulani, makundi makubwa ya ndege wa huko humwagika kusini, mahali ambapo huenda hawajaonekana miaka kadhaa. Hao wakikuta chombo chako, watakula, na kikiisha wataendelea na safari. Hawafi kwa kukufahamu.

Kuna hofu nyingine iliyojificha ndani ya maneno ya jirani, kwamba ndege akizoea kulishwa husahau kujitafutia. Margaret Brittingham na Stanley Temple walilichunguza jambo hili Wisconsin, Marekani, kwa kutumia chikadii mwenye kofia nyeusi, ndege ambaye nitarudi kwake kwa sababu nampenda kuliko wote. Walikuta kwamba hata chikadii anayekuja kwenye chombo kila siku hupata huko kama sehemu moja tu kati ya tano za nguvu anazohitaji, na zinazobaki anazitafuta mwenyewe porini. Walipoviondoa vyombo mahali palipokuwa na chakula miaka mingi, ndege wale waliishi vizuri sawa na wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Lakini katika majira yenye baridi kali sana, waliokuwa na vyombo walinusurika wengi zaidi. Kwa hiyo ukisafiri wiki mbili hutaua ndege, na siku ya dhoruba mbegu zako zina uzito wa kweli.

Basi nani ameondoka? Kwa jumla, wanaoishi kwa wadudu wanaoruka. Mdudu akishaganda au kujificha, mbayuwayu hana meza. Aliyekuwa akikatiza juu ya paa lako majira ya joto, kama uko Ulaya, sasa yuko njiani kuelekea Afrika kusini mwa Sahara, na kama uko Marekani Kaskazini anashuka kuelekea Amerika ya Kusini. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakulijua hilo. Walisema mbayuwayu hulala matopeni chini ya maziwa mpaka joto lirudi. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe ambaye shingo yake ilikuwa imepenywa na mkuki wa Kiafrika. Alikuwa amechomwa Afrika, akaruka na mkuki wake mpaka Ulaya. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Na Mei 1911, John Masefield alimfunga mbayuwayu pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 pete ile ikasomwa Natal, Afrika Kusini. Ndege yule mzima hafikii uzito wa vijiko viwili vikubwa vya chumvi.

Na nani anakuja? Hapa ndipo wengi hawatazami, kwa sababu mgeni wa vuli haji kwa shangwe. Junko wa Rowan ni mfano mzuri. Kwa mamilioni ya watu wa Marekani Kaskazini huyu ndiye ndege wa theluji: hawamwoni majira yote ya joto, halafu asubuhi moja ya vuli wanamkuta chini ya chombo akikwaruza majani kwa miguu yote miwili, anaruka mbele, anaruka nyuma. Yeye ametoka kaskazini zaidi au milimani. Ua wako, unaouona wewe wa baridi kali, kwake ndiko kusini kwenyewe.

Huko Uingereza kuna robini, yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa, anayeonekana bustanini mwaka mzima. Watu humpa jina na kumwita wao. Lakini robini wengine wa bara huvuka bahari kuja huko majira ya baridi, na baadhi ya wenyeji huondoka, kwa hiyo wa Desemba anaweza asiwe wa Julai. Msikilize: robini huimba hata katikati ya baridi, na jike pia huimba, kwa sababu kila mmoja ana eneo lake analolilinda peke yake. Ni wimbo wa taratibu, wenye kushuka, na ukiusikia jioni yenye ukungu utasimama.

Kuna mwingine wa Uingereza ambaye kisa chake hunishangaza mpaka leo. Ni ndege mdogo wa kijivu, dume ana kofia nyeusi na jike ana kofia ya kahawia. Zamani wale wa Ujerumani walikuwa wakienda Mediterania na kwingineko kusini. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, baadhi yao walianza kwenda magharibi na kukaa Uingereza majira ya baridi, ambako bustani zina vyakula vilivyotundikwa na watu. Mtafiti Peter Berthold na wenzake waliwakamata ndege wa aina hiyo na kuwazalisha kizimbani, na makinda ambayo hayajawahi kusafiri yalielekea magharibi kama wazazi wao. Safari mpya imeingia kwenye damu ndani ya miongo michache. Ukimwambia jirani yako kwamba mbegu za watu zimeweza kubadilisha ndege, hapo atakuwa na hoja, ila haikuwa kwa kuwaua.

Nilikuahidi chikadii. Kama unaishi Marekani Kaskazini utampata, na kama uko Ulaya au Asia ya kaskazini utapata jamaa zake wa karibu, wadogo hivyohivyo na wenye mashavu meupe. Ana gramu 11 hivi. Mtazame asubuhi ya sakitu. Anafika, anachukua mbegu moja, moja tu, na kuondoka papo hapo. Anatua kwenye tawi, anaibana mbegu kwa vidole vya miguu, na kuigonga kwa mdomo mpaka ganda lipasuke. Safari nyingine utaona haili mbegu ile. Anairuka mbegu mpaka kwenye mti, anaisokota ndani ya ufa wa gome, wakati mwingine anaifunika kwa kipande cha kuvu au jani kavu, kisha anarudi kuchukua nyingine. Anaweka akiba. Kila mbegu ina maficho yake, na kwa majira mazima maficho hufikia maelfu. Anayakumbuka. Anat Barnea na Fernando Nottebohm wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walionyesha mwaka 1994 kwamba katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali, chikadii wa porini hupata seli mpya za neva mwaka mzima, na wingi wake hufikia kilele mwezi Oktoba. Kwa hiyo wiki hii ambayo wewe unaona ua umepoa, ndege yule anajenga ubongo wa kukumbukia chakula. Huenda pia ndiye aliyekuwa akikuhamishia mbegu zako kabla hujaona ukimya.

Usiku wake ndio mtihani. Ndege mwenye gramu 11 hupoteza joto haraka kama kikombe kidogo cha chai, na usiku wa baridi una saa 14 au 15 bila kula. Mchana kutwa anakula kujaza mafuta, usiku anayachoma, alfajiri anaamka akiwa amepungua kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Anaingia kwenye tundu la mti peke yake, anatutumua manyoya mpaka anakuwa kama pamba ya mviringo, hewa iliyonaswa humo ndiyo blanketi lake. Kisha anafanya jambo ambalo mwili wangu au wako haungeweza: anapunguza moto wa ndani. Mchana mwili wake una nyuzi joto 42 hivi, usiku wa baridi kali huushusha kwa nyuzi 10 au zaidi ili mafuta yasiishe kabla ya jua. Alfajiri anatetemeka mpaka joto linarudi, na moja kwa moja anakuja kwako.

Wengine hubanana. Yule ndege mdogo wa kahawia wa Ulaya mwenye mkia uliosimama wima, ambaye majira ya joto hamvumilii mwenzake, usiku wa baridi huingia na wenzake kwenye tundu moja, migongo ikiwa nje na vichwa ndani. Huko Norfolk, Uingereza, walihesabiwa 61 ndani ya sanduku moja la kuatamia. Kwa sababu hiyo usilishushe sanduku la viota vuli likifika. Lisafishe, ulirudishe.

Miguu yao mitupu kwenye barafu pia watu huniuliza sana. Mshipa unaopeleka damu ya moto miguuni umelala sambamba na ule unaorudisha damu ya baridi, na joto huhama kutoka mmoja kwenda mwingine kabla halijafika chini. Mguu unabaki na ubaridi wa kutosha kutopoteza joto, na joto la kutosha kutoganda. Ukimwona amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuficha manyoyani.

Sasa chakula. Mbegu za alizeti nyeusi, zile ndogo zenye ganda jembamba, ndizo za kwanza. Zina mafuta mengi na midomo midogo inaziweza. Kwa chiriku kuna mbegu nyembamba nyeusi zinazoitwa nija, na hizi zina asili ya Ethiopia, ambako wenyewe huuita mmea nug na kukamua mafuta yake. Kwa vigogota na chikadii tundika shahamu, yale mafuta magumu ya kwenye figo ya ng'ombe, ambayo baridini hayaharibiki upesi. Karanga ziwe bila chumvi. Mkate acha, unajaza tumbo bila kumpa ndege mafuta anayohitaji usiku. Hakikisha chombo kina mbegu wakati wa mapambazuko na saa mbili za mwisho kabla ya giza, maana hizo ndizo saa zenye thamani kwake.

Maji watu huyasahau. Kila kitu kikiganda, ndege anaweza kula theluji, lakini kuiyeyusha tumboni kunamla mafuta. Beseni la kina kifupi lenye kipasha joto kidogo cha umeme litakuletea ndege ambao hawali mbegu kabisa. Kama huna, mwaga barafu kila asubuhi na uweke maji ya vuguvugu. Usitie kamwe dawa ya kuzuia maji yasigande. Ni sumu.

Usafi niuseme kwa uzito, kwa sababu ulinigharimu. Vuli moja nilijiona nina kazi nyingi na sikuosha vyombo karibu miezi miwili. Asubuhi moja nikamkuta chiriku dume mwenye kichwa chekundu amekaa chini, amejitutumua, kope za jicho moja zimevimba na kufungana kwa ute mkavu. Nilimkaribia mpaka hatua mbili hakuruka. Alikuwa anasikia mbegu zinadondoka, anageuza kichwa, lakini hazioni. Ule ni ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria aitwaye mikoplasma, ulioanza kuonekana kwa chiriku wa mashariki mwa Marekani mwaka 1994, na huenea ndege wanaposugua vichwa kwenye matundu ya chombo kimoja. Uingereza nako chiriku wa kijani wamepungua vibaya tangu miaka ya 2000 kwa ugonjwa mwingine wa koo unaoambukizwa kwa chakula na maji yaliyochafuliwa. Sasa naosha kila wiki mbili, kwa sehemu moja ya dawa ya klorini na tisa za maji, nasuuza, nakausha juani, na nafagia maganda chini. Ukimwona ndege mgonjwa, shusha vyombo vyote kwa wiki mbili angalau, watawanyike. Hapo ndipo ushauri wa jirani yako ni wa kufuatwa.

Kioo cha dirisha nacho ni hatari kubwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka Marekani peke yake kwa kugonga majengo, zikiwemo nyumba za kawaida. Weka chombo ndani ya mita moja kutoka kioo, ili ndege akishtuka asiwe na nafasi ya kupata kasi, au kiwe mbali zaidi ya mita 10. Bandika vidoti upande wa nje wa kioo, nafasi kati yake isizidi sentimita 5. Paka abaki ndani.

Na tafadhali usisafishe bustani. Mabua makavu, vichwa vya maua vilivyonyauka, majani chini ya kichaka, vyote viache. Kuna gugu la Marekani Kaskazini lenye maua ya njano ambalo bua lake huvimba kama goroli. Ndani ya goroli hilo funza wa nzi mdogo amelala majira ya baridi. Simama kimya karibu na mabua hayo siku ya theluji utasikia tak-tak nyepesi. Ni kigogota mdogo, ameng'ang'ania bua linaloyumba, anatoboa tundu safi la mviringo na kumchomoa funza.

Umeuliza kama kuna cha kutazama. Majani yakishaanguka utaona zaidi kuliko majira ya joto, kwa sababu pazia limeondolewa. Chagua kiti kimoja, dirisha moja, na dakika 15 zilezile kila siku. Darubini ya kawaida inatosha. Andika tarehe, hali ya hewa, na kwa kila aina andika idadi kubwa kabisa uliyowaona kwa mpigo. Usijumlishe wanaokuja na kwenda, maana chikadii mmoja anaweza kuja mara 30 ukadhani ni kundi. Hesabu hiihii ndiyo inayotumiwa na Project FeederWatch, mradi wa watu wa kawaida kuhesabu ndege wanaokuja kwenye vyombo vyao, ulioanzia Ontario mwaka 1976 na kuenea bara zima la Marekani Kaskazini mwaka 1987. Wanahesabu kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 30. Ukiwa Uingereza, hesabu ya bustani ya RSPB, shirika la huko la kulinda ndege, huwa mwishoni mwa Januari, saa moja tu, nayo imekuwepo tangu 1979.

Ujifunze sauti pia. Chikadii akipiga chik-a-dii, hesabu "dii" za mwisho. Utafiti wa Chris Templeton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba adui akiwa wa hatari zaidi, "dii" zinaongezeka. Bundi mdogo mwepesi huitiwa "dii" nyingi kuliko bundi mkubwa asiyeweza kumkimbiza ndege mdogo vichakani. Ukisikia tano au zaidi, inua macho kwenye matawi yote kabla hujainua darubini. Majirani zake wa aina nyingine, vigogota na wale wanaoshuka shina kichwa chini, husafiri naye kundi moja majira haya na huusikiliza mwito huo, kwa hiyo ukimfuata kwa masikio utawapata wote.

Siku ya kuwatazamia wageni ni ile inayofuata upepo mkali wa kutoka kaskazini. Wengi husafiri usiku, na upepo ukiwasukuma kutoka nyuma huja kwa wingi. Toka nje usiku huo mbingu ikiwa imetulia, simama dakika 10 bila simu mkononi. Utasikia vilio vifupi vya juu sana, tsip, tsiip, vinapita gizani kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kesho amka nusu saa kabla ya jua, zima taa ya ndani ili kioo kisikuakisi, na uandike ni nani aliyetua kwanza na ilikuwa saa ngapi. Wa kwanza kwa kawaida ni wenye macho makubwa, wanaoona katika mwanga hafifu, na chikadii hachelewi sana nyuma yao. Niandikie tena mwezi wa kwanza na daftari lako, pamoja na ule mchoro wa kwezi.